Matope ya Alhamisi

1

Mlango wa ndiva ulipogoma kufunguka, Nakiete alidhani ni kutu tu.

Alifika ukingoni saa kumi na mbili na robo asubuhi, khanga kaifunga juu ya sweta, kwa sababu Septemba ya Vumweru ina baridi ya kukata masikio. Akashika usukani wa chuma, akauzungusha kulia. Wapi! Akauzungusha kushoto. Wapi! Akatemea mate viganjani, akajaribu tena kwa nguvu zake zote za mwanamke wa miaka hamsini na minane aliyeshona sare za shule nusu ya maisha yake. Mlango ulikaa kimya.

"Upake mafuta, dada Nakiete," alisema Kiangi, aliyesimama chini kwenye mfereji na jembe begani. "Zamu yangu imeanza dakika kumi zilizopita. Maharage yangu yako kwenye maua, hayajui kusubiri."

"Kaka Kiangi, kama una haraka panda uje uzungushe mwenyewe."

Kiangi akapanda. Wakazungusha wote wawili, wakaguna wote wawili, na usukani haukusogea hata kidogo. Ndiva ilikuwa imejaa pomoni. Bwawa lile mababu walilichimba kwa mikono, na kazi yake ni moja: usiku linakusanya maji ya chemchemi, asubuhi linafunguliwa, maji yakimbie kwa kishindo hadi shamba la mwisho bondeni. Kiangazi, ukiyaacha yajiendee yenyewe kidogo kidogo, udongo unayanywa yote kabla hayajamfikia hata jirani wa kwanza. Ndiyo maana pale Upare mtu anaweza kukusamehe ukimtukana mama yake, lakini si ukigusa zamu yake ya maji.

Kikasha kilichokuwa juu ya mlango kikakohoa.

"Habari za asubuhi, Nakiete binti Mrutu," kilisema kwa Kiswahili cha mtangazaji wa taarifa ya habari. "Nina habari njema."

Huyo alikuwa Mlezi, na Mlezi hakuwa mtu. Alikuwa akili iliyofundishwa kusikiliza misitu. Huko juu ya miti yalifungwa masikio yake, kila moja kama ganda la kunde, rangi ya gome, likila jua na umande. Lolote yalilolisikia, alilisikia. Serikali ilikuwa imemkabidhi funguo za kila lango na kila mlango wa maji ndani ya ushoroba, yaani ile njia ya miti iliyounganisha msitu wa juu na msitu wa chini.

"Usiku wa kuamkia leo," Mlezi aliendelea, "masikio nambari arobaini, arobaini na moja na arobaini na tatu yamesikia sauti ya chura-kengele. Madume kumi na moja. Mayai yapo. Hongereni sana."

Nakiete aliachia usukani. Akaweka mikono kichwani, halafu akapiga kigelegele kirefu ambacho mbwa wa kijiji kizima walikijibu. Yelewi! Chura-kengele! Mara ya mwisho chura huyo kusikika milimani, mama yake Nakiete alikuwa bado mwali. Maabara zilibaki na vipande vya ngozi yake, vidogo kuliko punje ya ulezi, vilivyogandishwa kwa zaidi ya miaka sitini. Vikapandikizwa kwenye mayai ya chura mwingine, vikaamshwa, na mwezi wa nne vyura mia mbili wakaletwa Vumweru kwa vikapu na kuachiwa katika bwawa jipya msituni. Tangu siku hiyo hawakusikika tena. Kila mtu alishakata tamaa, na Nakiete alikuwa amewalilia kimyakimya, kwenye cherehani, asionekane na mtu.

"Wamepona!" alimwambia Kiangi, akamshika mkono. "Kaka, wamepona!"

Kiangi hakuwa na furaha ya kugawa. "Wamepona wapi?"

Nakiete akakigeukia kikasha.

"Ndivani," alijibu Mlezi. "Kwenye ukingo wa kaskazini, hatua nane kutoka mlipo. Kwa mujibu wa kifungu cha tisa cha Mkataba wa Uamsho, kina cha maji hakitaguswa mpaka viluwiluwi waote miguu. Siku thelathini na moja."

Upande wa pili wa ukingo, maji yaliyozidi yalikuwa yakichuruzika taratibu na kupotelea korongoni, juu ya mawe, mahali ambapo hata mbuzi hapandi. Kiangi aliyatazama kwa muda.

"Miaka mitano iliyopita ulisimama hapa hapa," alisema hatimaye. "Watu wote wakisikia. Ukasema, toeni vipande vya mashamba yenu vipandwe miti, huu msitu hautawanyima maji hata siku moja. Ukiwanyima, mje mng'oe miti yangu kwanza. Sema kama naongopa."

"Huongopi."

"Wenzangu sitini na mmoja wakakuamini. Mimi nikakataa, nikaitwa mchawi wa maendeleo. Haya." Akaliweka jembe begani. "Keshokutwa Alhamisi ni siku ya kazi ya msaragambo. Watakuja wote. Utawaambia mwenyewe, au niwaambie mimi?"

"Nitawaambia mimi."

"Ahadi ni deni, dada," alisema Kiangi, akashuka zake.

2

Jumatano mchana, Togolani alikula sahani mbili za makande kwa shangazi yake kabla ya kusema lililomleta. Alikuwa fundi wa masikio wa tarafa nzima, mwanamume wa miaka thelathini na minne mwenye ndevu na watoto wawili, lakini mbele ya shangazi yake bado aliketi kwenye kigoda cha jikoni.

"Shangazi, lina dawa."

"Lipi?"

"La mlango. Nikiyaziba yale masikio matatu kwa saa mbili, Mlezi atapata ujumbe kwamba unyevu umeingia. Hutokea kila wiki, hatashtuka. Asiposikia chura, mlango unafunguka. Maji yatashuka, Mzee Kiangi atamwagilia, kila mtu atamwagilia. Kufikia saa nne mayai yamekauka ukingoni. Masikio yakirudi, hakuna cha kusikia. Imekwisha."

Nakiete alikuwa akikuna nazi. Mkono ukasimama.

Nisikudanganye: alilitamani. Alilitamani kwa moyo wake wote, kama mwenye kiu anavyoutamani mtungi. Shamba lake alilirithi likiwa limejaa mikaratusi ya baba yake, miti iliyokunywa chemchemi mbili mpaka zikakauka. Aliikata yote mia tatu na kumi, akapanda mikuyu na miringaringa, mche mmoja mmoja, na Alhamisi baada ya Alhamisi watu walikuja kumsaidia bila kuitishwa hata kikombe cha chai. Sasa ile miringaringa ilizidi nyumba kwa urefu. Hondohondo walitotoa humo. Mbega walishuka kutoka msitu wa juu, mti kwa mti, hadi kwenye pengo la hatua themanini la shamba la Kiangi. Hapo wakakaa kwenye mti wa mwisho, wakafoka, wakarudi walikotoka. Kila jioni Nakiete aliwasikia akicheka peke yake. Na haya yote yangeng'olewa, tena kwa haki, kwa sababu aliapa kwa kinywa chake.

"Na wale vyura?" aliuliza.

"Shangazi," alisema Togolani kwa upole, "wale walishakufa mara moja."

Hakukusudia ubaya. Alisema tu vile fundi anavyosema kuhusu kifaa. Lakini neno lile lilimchoma Nakiete mpaka akaweka mbuzi ya nazi pembeni.

"Kula umalize," alisema. "Mimi napanda msituni. Usizibe kitu mpaka nirudi."

Alipanda kwa hasira, na hasira ilimfikisha upesi. Bwawa la vyura lilikuwa katikati ya kipande chake, chini ya kivuli, upana wa ukumbi wa kanisa. Vumweru wote walijivunia bwawa lile. Alisimama ukingoni akalitazama kwa mara ya kwanza kama mtu ambaye hakulijenga. Maji yalikuwa maangavu. Chini ungeweza kuhesabu kokoto. Hakukuwa na jani hata moja lililoelea, wala ute, wala tope. Lilikuwa safi kama sufuria iliyosuguliwa kwa ajili ya harusi.

"Mlezi," aliita, akigonga sikio lililokuwa kwenye mkuyu. "Kwa nini vyura hawakulipenda hili bwawa?"

"Sina hakika, Nakiete. Maji yana kina sahihi na joto sahihi. Ila ngozi ya chura-kengele huhitaji vijidudu vinavyoishi kwenye majani yaliyooza. Bila hivyo hupata ukurutu. Pia wakati wa baridi hujizika matopeni na kulala hadi Septemba. Kumbukumbu zinaonyesha kwamba bwawa hili halina majani wala matope. Sijui yalikokwenda."

Nakiete alijua yalikokwenda.

Wapare na ndiva zao! Mtoto wa Upare hajajua kuandika jina lake lakini anajua kuzoa tope la ndiva, kwa sababu ndiva chafu ni aibu ya ukoo mzima. Kwa hiyo serikali ilipowapa bwawa la vyura na kuwaambia walitunze, walilitunza kama wanavyojua. Kila Alhamisi, akina mama kwa majembe na akina baba kwa makarai, walizoa kila jani, wakakwangua kila tope, wakasugua mawe. Na lile tope, jeusi, zito, lenye kunata, nani angelitupa? Mwezi wa saba, katikati ya baridi, walilibeba vichwani wakiimba, wakalishusha hadi kwenye ndiva na kulisiliba kwenye ukingo wa kaskazini uliokuwa ukivuja.

Pamoja na vyura, wamelala humo ndani fofofo.

Nakiete aliketi chini kwenye majani. Alianza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akajishika mbavu. Miezi miwili alikuwa akiilaumu maabara. Alishawaandikia hata barua ya kuwasuta.

"Unacheka au unalia?" aliuliza Mlezi. "Masikio yangu hayajafunzwa vizuri kutofautisha."

"Vyote, baba. Sasa niambie. Tukilirudisha lile tope hapa, na majani yake, na mayai yake, na vyura wenyewe, watapona?"

"Kwa majaribio ya maabara, watatu kati ya kumi."

"Maabara waliwabeba kwa nini?"

"Kwa vyombo visivyo na vijidudu, vilivyooshwa mara tatu."

"Ahaa," alisema Nakiete. "Vilivyooshwa."

"Lazima nikuonye," alisema Mlezi. "Kifungu cha kumi na mbili kinakataza mtu yeyote kumhamisha mnyama aliyeamshwa. Ombi la ruhusa hupelekwa kwenye Baraza, na Baraza litakaa Novemba. Mwenye kipande anayehamisha bila ruhusa huandikwa. Baada ya kuandikwa haruhusiwi kuingia ndani ya ushoroba kwa miaka saba, hata kwenye kipande alichokitoa mwenyewe."

Nakiete alihesabu. Miaka sitini na mitano. Magoti yake tayari yalikuwa yakilalamika kupanda kilima hiki.

"Unaandika tu, au kuna wa kuhukumu?"

"Naandika. Adhabu huthibitishwa na mwenye shamba wa kijiji hicho hicho ambaye jina lake halimo katika orodha. Vumweru ina wenye mashamba wengi. Atapatikana."

"Hakosekani," alikubali Nakiete, akimwona Kiangi mbele ya macho yake.

Alikaa pale hadi jua likageuka. Hakuwa mtu wa kufikiri kwa maneno makubwa. Alifikiri tu kwamba kuziba masikio ni kumfunika mtu macho ili umwibie, na kwamba akifanya hivyo, kila jioni atakayowasikia mbega, atakuwa akiwasikia kwa masikio ya mwizi. Tena kiumbe akishaamshwa, akaamka, akaimba, basi yuko hai kama kuku wa jirani. Kungoja siku thelathini na moja ni kuwaua watu kwa njaa kwa kosa ambalo si la vyura wala si la maharage. Njia iliyobaki ilikuwa na gharama moja, na iliangukia kwake peke yake. Hilo lilimpa utulivu wa ajabu. Alisimama, akagusa kila mringaringa aliopita njiani, akashuka nyumbani.

"Usizibe kitu," alimwambia Togolani. "Kesho nataka asikie kila kitu."

3

Alhamisi saa kumi na mbili na nusu pembe ilipulizwa, watu wakajaa kwenye ukingo wa ndiva. Ukungu ulikuwa mzito, wenye mashamba ya mbali walijitambulisha kwa kukohoa. Elieskia, katibu wa msaragambo, alikuwa tayari na daftari lake la mahudhurio chini ya kwapa. Mwanamke huyo hakuwa na huruma na watoro: asiyefika bila sababu alitoa jogoo, na hata mchungaji alishawahi kutoa.

Nakiete alisema yote. Mficha uchi hazai. Aliwaambia kuhusu mlango, siku thelathini na moja, na kiapo chake mwenyewe, neno kwa neno, ili Kiangi asipate cha kuongeza. Halafu akawaambia kuhusu tope.

Kisha mtu mmoja ndani ya ukungu akasema, "Ina maana tuliwabeba sisi?"

"Vichwani."

"Tukiimba?"

"Mpaka ubeti wa mwisho."

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele. Mama mmoja alijishika kichwa pale anapoweka karai, kana kwamba chura bado yumo. Hata Elieskia alificha uso nyuma ya daftari. Kiangi tu hakucheka, lakini mashavu yake yalikuwa yakisumbuka.

"Sasa sikilizeni," alisema Nakiete. "Nitalirudisha lile tope juu. Ni kosa kisheria, na nitaandikwa mimi. Sitakanyaga msitu wangu kwa miaka saba. Msinionee huruma, niliapa mwenyewe. Ninachoomba ni kimoja, mkipanda huko, kwa jina la Mungu, msifagie."

Akashuka majini, akazamisha mikono hadi viwikoni, akaanza kukata tope la ukingo kwa kiganja, pande kubwa kubwa, na majani yake. Ndani ya pande la kwanza kulikuwa na ute wenye mayai kama mbegu za mapapai. Akaliweka kwenye karai taratibu, akafunika kwa jani la mgomba.

Ukingo ulikuwa na urefu wa hatua arobaini. Watu walimtazama akijaza karai moja. Kila mtu pale alijua hesabu ya kazi ya mikono, na kila mtu aliona kwamba mama huyu peke yake angemaliza Jumapili.

Elieskia alifungua daftari, akalamba ncha ya kalamu.

"Leo ni Alhamisi, sivyo?" alisema kwa sauti ya kazi. "Kazi ya leo ni kubeba tope. Asiyebeba, mtoro. Majogoo nitawafuata mwenyewe."

"Elieskia!" alipaza sauti Nakiete. "Mtaandikwa!"

"Ndiyo kazi ya daftari, dada, kuandika watu. Sogea kidogo nipite."

Wakaingia. Jamani, mtu ambaye hajauona msaragambo hajui nguvu ya watu waliozoeana. Wengine walikata tope, wengine walijaza, wengine walipokea kwa mstari uliopanda kilima hadi ukapotelea kwenye ukungu. Mapande yalifunikwa majani ya mgomba na kunyunyiziwa maji ya ndiva kila kituo. Hakuna aliyeimba, maana Nakiete alisema mama wa mayai hapendi kelele, jambo ambalo alilitunga papo hapo. Makarai yakapanda yamejaa na kushuka matupu. Togolani alisimama juu bwawani, suruali imekunjwa, akilaza kila pande kwenye maji kama mtu anayelaza mtoto, na ndevu zake zilikuwa na matope hadi masikioni.

Nakiete alipita mstari mzima akiangalia. Katikati ya kilima, kwenye sehemu yenye mteremko mkali, alimkuta Kiangi. Alikuwa na karai kichwani na jasho usoni.

"Usinitazame," alisema Kiangi. "Miaka arobaini sijakosa msaragambo. Sitaanza leo kwa ajili ya chura."

Ilipofika saa nne ukingo wa kaskazini ulikuwa umekwanguliwa hadi kwenye jiwe, na wengine walishaanza kuusiliba upya kwa udongo wa kawaida. Watu wakasimama wakipumua. Huko juu, ndani ya ukungu, kukasikika sauti nyembamba, kama kijiko kilichogonga bilauri. Ting.

Hakuna aliyesogea. Ikaja ya pili, ikaja ya tatu kutoka upande mwingine. Mzee mmoja alivua kofia. Nakiete alifunika mdomo kwa mkono wenye matope, akalia bila kujificha kwa mtu, kwa sababu alishangilia habari zao juzi, lakini hakuwahi kuwasikia kwa masikio yake mwenyewe.

"Madume saba wamesikika katika bwawa la juu," alitangaza Mlezi kutoka kwenye kikasha. "Saba kati ya kumi na moja. Makadirio yangu yalikuwa watatu kati ya kumi. Nitayarekebisha. Ndivani hakuna sauti wala mayai. Mlango unafunguka."

Chuma kikalia, na maji yakatoka kwa kishindo. Yaliingia mferejini yakiwa na povu, yakaelekea bondeni, kwenye zamu iliyokuwa imesubiri tangu Jumanne.

"Kiangi, maji yako hayo!" watu walipiga kelele. "Kimbia uyaongoze!"

Lakini Mlezi alikuwa hajamaliza. "Kwa mujibu wa kifungu cha kumi na mbili, naomba jina la aliyehamisha wanyama."

"Nakiete binti Mrutu," alisema Nakiete upesi.

"Imeandikwa."

"Elieskia Msuya," alisema Elieskia, akisukuma watu kwa daftari. "Na usiandike ovyo ovyo, nitalinganisha na langu. Nimebeba karai tisa."

"Idadi ya karai haihitajiki."

"Kwako. Kwangu inahitajika."

Basi wakapanga foleni. Mlezi alizoea kusikiliza vyura na ndege, hakuwahi kukutana na watu wanaogombania kuandikwa. Kila mmoja alitaja jina, ukoo na mahali shamba lake linapoanzia, na wawili walirudi kuhakikisha kwamba kweli wamo, maana jogoo ni jogoo. Nakiete alijaribu kuwazuia wa kwanza kumi, kisha akachoka, akakaa kwenye jiwe. Moyo wake ulikuwa umejaa, hakujua aweke wapi mikono.

"Wenye vipande sitini na wawili," alisema Mlezi mwishowe. "Wote wameandikwa." "Mkizuiwa nyote, hakuna atakayetunza ushoroba kwa miaka saba. Hata hivyo, kifungu kiko wazi. Adhabu huthibitishwa na mwenye shamba ambaye hayumo katika orodha, na bila yeye haisimami. Kiangi Sempombe, shamba lako linapakana na ushoroba, nawe peke yako kijijini hukuandikwa. Je, unathibitisha?"

Watu wote wakageuka. Kiangi alikuwa bado yupo, karai mkononi, matope yakimchuruzika shingoni. Chini bondeni maji yake yalikuwa yakikimbia bila mtu wa kuyaongoza, na kila dakika iliyopita yaliacha tuta lake na kuingia kwa jirani. Alimtazama Nakiete. Nakiete hakumwomba kitu. Alimrudishia macho tu, akangoja.

"Kwa nini sikuandikwa?" aliuliza Kiangi.

"Orodha ni ya wenye vipande. Wewe huna kipande."

"Nimefika saa kumi na mbili na nusu. Pembe ilinikuta nimesimama hapa. Nimebeba karai kumi na nne." Sauti yake ilikuwa ikipanda. "Huyu Elieskia kabeba tisa, yumo! Mimi kumi na nne, niwe mtoro?"

"Hujaitwa mtoro. Umeulizwa kama unathibitisha."

"Nimekuuliza mimi kwanza. Niandike."

"Huna kipande, Kiangi Sempombe. Siwezi kukuandika."

Kiangi aliweka karai chini. Ukungu ulikuwa umeinuka; akatazama mteremko wote, kutoka miringaringa ya Nakiete hadi msitu wa chini, na katikati ya ile njia ndefu ya kijani, shamba lake tupu. Huko kwenye mti wa mwisho mbega wawili walikuwa wameketi, mikia imening'inia, wakilitazama vile vile.

"Basi niandikie kipande," alisema. "Upana ni hatua ishirini kama wenzangu?"

"Ishirini," alisema Mlezi.

"Ishirini, kutoka mpaka wa juu hadi mpaka wa chini. Andika kipande, halafu andika jina chini yake, pamoja na hawa. Na uandike upesi, maji yangu yanapita."